Uliza Mwalimu: Nitadisko kwa sababu ya ung'eng'e?

Mwezi huu ni kama mmeambizana, barua karibu zote ni Kiingereza cha chuo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana wengi mmeuliza kitu hicho hicho kwa maneno tofauti, hizo nyingine nimezipitia haraka haraka, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma digrii ya kilimo biashara hapa Morogoro. Mimi nimetokea St. Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, halafu shule ya kata, huko hata Kiingereza chenyewe tulikuwa tunafundishwa kwa Kiswahili, mtihani ukifika tunakariri notisi tunapita. Sasa huku chuo handauti moja kurasa thelathini, nafungua kamusi neno kwa neno, kila neno napata maana yake lakini sentensi nzima haiingii, nikifika mwisho wa paragrafu nimeshasahau mwanzo ilisema nini. Semista iliyopita nimesapu masomo mawili, yaani nimefeli nikarudia mtihani. Wenzangu wananiambia niongeze misamiati, nimejaza daftari zima na bado niko pale pale. Nifanyeje kabla sijadisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na hizo sapu. Hilo daftari la misamiati liweke pembeni kwanza. Umesema mwenyewe kwamba maana ya kila neno unaipata ila sentensi haiingii, sasa kama maneno unayo mkononi basi tatizo ni namna yalivyofungwa pamoja, na hapo kamusi haiwezi kukusaidia hata uifungue mpaka asubuhi.

Sisi tumekulia kwenye lugha ambayo kitenzi kinatembea na mwenyewe. Ukisikia "vimeharibika" unajua ni vile vitu vya ki-vi, ukisikia "wamekataa" unajua ni watu, hata sentensi iwe ndefu kama treni ya mizigo kile kiambishi cha mwanzo kinakurudisha kwa mwenye tendo. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kitenzi kinakaa peke yake, mwenye nacho anaweza kuwa maneno kumi nyuma, na katikati wamejazana watu wengine ambao hawahusiki. Wewe unasoma kwa kuamini kwamba nomino iliyo jirani na kitenzi ndiyo mwenye tendo, na hapo ndipo unapotea.

Chukua sentensi ya aina unayokutana nayo huko kwenye kozi yako: "The failure of many smallholder farmers to obtain loans from commercial banks has limited the use of improved seeds." Mwanafunzi anayekimbia atakuambia benki zimebana matumizi ya mbegu bora, mwingine atasema wakulima ndio wamebana. Hapana! Kitenzi kikuu ni "has limited", na hiyo "has" ni ya umoja, kwa hiyo sio benki na sio wakulima, maana wote hao ni wengi. Rudi nyuma mpaka upate kitu kimoja, utakutana na "failure". Sasa iweke kwa Kiswahili uone ilivyo nyepesi: kushindwa kwa wakulima wengi wadogo kupata mikopo benki kumebana matumizi ya mbegu bora. Umeona hapo, ku na ku, Kiswahili kimekuonyesha bure kitu ambacho Kiingereza kimekuachia ukitafute mwenyewe.

Kwa hiyo dawa yako ya kwanza ni kalamu ya risasi. Kila sentensi inayokukatalia, pigia mstari kitenzi kikuu, kisha uliza nani au nini kimefanya hilo, zungushia duara. Ukishapata hao wawili soma wao tu, "failure has limited", halafu ndio uongeze yale mengine kipande kimoja kimoja: kushindwa kwa nani, kupata nini, kutoka wapi. Mwanzoni utaona unachelewa na utatamani kuacha, usiache, maana baada ya muda jicho linafanya lenyewe bila kalamu.

Kuna mtego mmoja hapo nikuonye. "Soil samples collected from the two villages showed low nitrogen." Vitenzi viko viwili, "collected" na "showed", na hakuna "and" katikati. Wengi wanakamata cha kwanza wanaanza kushangaa sampuli zimekusanya nini. Kwa Kiswahili usingechanganyikiwa hata kidogo, ungesema sampuli zilizochukuliwa zilionyesha, ile "zilizo" inakuambia kabisa huyu ni wa kueleza tu, kazi yenyewe iko mbele. Ukiwa na mashaka jaribu kuchomeka "which were" kabla ya kitenzi cha kwanza, sentensi ikikubali basi hicho ndicho cha amba- na o-rejeshi, kikuu ni kile kingine. Vitabu vya sayansi na ripoti za utafiti vimejaa hii kitu, kila ukurasa utaikuta.

Halafu kuna maneno madogo yanayogeuza maana ya sentensi nzima na watu wanayapita kama hawayaoni. "The seeds will not germinate unless the soil is moist." Ukisoma "unless" kama "if" umeshasema mbegu hazitaota udongo ukiwa na unyevu, yaani kinyume kabisa. "Farmers hardly use fertilizer" sio kwamba wanatumia kwa bidii, ni kwamba karibu hawatumii. Ongeza "whereas", "despite", "yet", "hence", "rather than". Haya ndiyo ningekuambia uyaandike kwenye lile daftari, tena na sentensi nzima sio neno tupu, maana maneno yenyewe ni machache na kazi yake ni kubwa kuliko hayo mengine mia uliyokariri.

Misamiati sijaikataa jamani. Watafiti Hu na Nation mwaka 2000 waliona kwamba ili usome ukaelewa vizuri bila msaada inabidi ujue kama asilimia 98 ya maneno yaliyopo, maana yake katika kila maneno 50 usilolijua liwe moja tu. Sasa pima handauti yako, ukihesabu maneno 50 ukakuta mageni manane hiyo haisomeki kwa raha hata ukiwa na nidhamu gani, kwanza tafuta maelezo mepesi ya mada hiyo hiyo, kitabu cha fomu sikisi, video, hata makala ya Kiswahili, ukishaijua mada ndio urudi kwenye handauti. Na ukitaka orodha ya kujifunza, usiokoteze. Mwaka 2000 huo huo Averil Coxhead wa New Zealand alipitia maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5 akatoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika masomo karibu yote, mambo ya "analyse", "factor", "significant", "derive". Hayo yanachukua kama asilimia 10 ya maandishi ya chuo. Iko mtandaoni bure, ukitafuta kwa jina la huyo mama utaipata.

Mazoezi yenyewe yawe madogo lakini ya kila siku. Aya moja. Isome, fanya ile kazi ya kalamu, funga karatasi, andika kwa Kiswahili sentensi moja kwamba aya imesema nini. Ukishindwa kuandika hiyo sentensi basi hukuelewa, hata kama ulitikisa kichwa wakati unasoma. Najua wapo wahadhiri watakaonipinga hapa, watasema ukitumia Kiswahili hutawahi kufikiri kwa Kiingereza, mimi naona kufikiri kwa Kiingereza kitu ambacho hukukielewa ni kujidanganya tu. Njia nyingine ninayoipenda ni kusoma habari moja kwenye Mwananchi halafu utafute habari hiyo hiyo kwenye The Citizen, hayo magazeti ni ya kampuni moja kwa hiyo matukio makubwa utayapata pande zote mbili, na hapo unaingia kwenye Kiingereza ukiwa tayari unajua nani kafanya nini.

La mwisho, soma swali la mtihani kwa ile kalamu ile ile. "Account for the decline of cotton production" haihusiani na uhasibu na wala sio kusimulia uzalishaji ulivyoshuka, wanataka sababu. "Justify" unatetea hoja, "to what extent" unatakiwa useme kwa kiasi gani unakubali na wapi hukubali. Watu wanashusha nondo kurasa nne na wanapata sifuri kwa sababu wamejibu swali ambalo halikuulizwa.

SWALI: Habari yako mwalimu, nakusoma nikiwa Kwale. Mimi niko kwa kozi ya diploma ya uuguzi. Kila nikirudishiwa ripoti nakuta lekchara ameandika "grammar!" kwa wino mwekundu na hakuna maelezo. Niko na kitabu kikubwa cha grama lakini sijui nianzie wapi, ni ukurasa wa kwanza ama?

JIBU: Usianzie ukurasa wa kwanza mwanangu, utachoka kabla hujafika unapokosea. Chukua ripoti zako zote zilizorudi uzitandaze, utakuta makosa yako ni yale yale manne au matano, na mengi nina uhakika yametoka kwenye Kiswahili chetu hiki.

La kwanza: "The patient he was admitted on Monday." Hiyo "he" ni ile "a" ya "mgonjwa alilazwa", imevuka mpaka na wewe. Kiingereza kikishataja mgonjwa hakihitaji tena "he", futa. La pili ni pacha wake, "The patient feel pain." Sisi alama ya nafsi tunaiweka mbele ya kitenzi, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuangalia mkia, na Kiingereza ile "s" kimeificha mkiani. Ukimaliza kuandika, pitia mara moja ukitafuta "s" tu, usiangalie kitu kingine.

La tatu ni nyakati. Tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, lakini "I have seen him yesterday" hapana. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, Jumatatu, mwezi wa tatu 2023, basi "have" na "has" zinatoka: "The sample was taken on Monday." La nne, "Although the wound was clean, but the patient had fever", hii ni ingawa na lakini yetu, kwao ukitumia moja nyingine inakaa nyumbani. Na yapo yale ya wingi, "informations", "equipments", "advices", hayo hayachukui "s" kabisa hata yawe magunia.

"He" na "she" pia angalia sana kwenye ripoti ya mgonjwa. Sisi wote ni "yeye", lakini ukianza na mama mjamzito ukamalizia na "he" atakayepokea zamu anaweza kudhani ni wagonjwa wawili.

Kuhusu "a" na "the", hizo ziweke mwisho. Kitu ukikitaja mara ya kwanza mara nyingi ni "a", ukikirudia ni "the", kamata hilo na songa mbele, zinasumbua hata watu waliosoma sana na hazigeuzi maana ya ripoti yako mara nyingi. Halafu mfuate lekchara wako na sentensi moja tu iliyopigwa wino, muulize hapa kosa ni lipi. Ukienda na ripoti nzima atakuambia yuko bize.

SWALI: Mwalimu mambo, mi niko Dar. Naweza nikatumia AI na programu za kutafsiri kuelewa notisi? Na je muvi zinasaidia? Rumeti wangu anasema amejua Kiingereza kwa sizoni tu.

JIBU: Poa. Programu ya kutafsiri itumie mwisho sio mwanzo, yaani wewe andika kwanza ulivyoelewa, halafu tafsiri ulinganishe. Ukianza nayo utaelewa Kiswahili cha simu na chumba cha UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, simu haiingii. AI ni hivyo hivyo, usiipe ikuandikie asaimenti, kwanza chuo kikikubamba ni kesi, pili hutajifunza kitu. Iandikie aya yako mwenyewe kisha iambie ikuonyeshe kosa liko mstari gani bila kulisahihisha, usahihishe wewe, halafu iulize kama sasa iko sawa. Nayo inakosea wakati mwingine, usiifanye mtume.

Sizoni zinafungua sikio, hilo rumeti wako hajadanganya, ila hakuna muhusika wa sizoni anayeongea kama handauti ya uchumi. Kwa sikio la lekcha bora usikilize 6 Minute English ya BBC, ni bure na maandishi yake yapo, sikiliza kwanza bila kusoma, ya pili ukisoma.

SWALI: Dada mwalimu, nikifanya prezentesheni darasani wanacheka Kiingereza changu. Kuna kituo mtaani kinatoa kozi ya miezi mitatu, bei yake inakula karibu bumu lote, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Nilipe?

JIBU: Wanaocheka wengi wao zamu yao ikifika wanasoma slaidi neno kwa neno wakiwa wamegeukia ukuta, usihangaike nao. Prezentesheni andika pointi zako kwa sentensi fupi fupi, kitenzi kimoja kila sentensi, zisome kwa sauti chumbani mpaka ulimi uzizoee, na andaa maneno ya kuombea muda ukiulizwa swali gumu, kama "Could you repeat the question, please?"

Kuhusu kituo, kabla ya kulipa nenda ukaulize kitu kimoja: mwanafunzi anaandika insha ngapi kwa wiki na nani anasahihisha. Waombe wakuonyeshe moja iliyosahihishwa. Kama kozi yote ni kukaa mnapiga stori za "introduce yourself", hiyo utaipata bure ukikubaliana na wenzako wawili watatu mkutane jioni hosteli. Na kama mwaka wa kwanza chuoni kwako mnafundishwa Communication Skills, kaifufue ile notisi, wengi mliisoma ili mpite tu na mkaitupa, mle kuna namna ya kuandika muhtasari na aya ambayo hicho kituo kitakuuzia upya.