Jibu: Dar hadi Iringa kwa pikipiki, msimame wapi?

Mkuu, umeuliza kama mnaweza kutoka Dar hadi Iringa kwa siku moja na bado mkafaidi mandhari. Kufika mtafika, ila hamtaona kitu. Ni takribani kilomita 500, na uzuri wote uko nusu ya pili, mkiwa mmeshachoka. Laleni Morogoro, mwamke na milima ya Uluguru mbele yenu.

Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Piteni mchana, mwendo wa taratibu, na msisimamishe pikipiki kupiga picha hata twiga akiwa kando tu. Ndani ya gari una bodi inayokukinga, nyinyi hamna. Jioni tembo wanavuka, kwa hiyo msijipange kupita saa hizo.

Baada ya Mikumi ndipo roho yangu ilipo: Ruaha Mbuyuni. Mibuyu imejaa milimani, mto uko jirani, vitunguu vimepangwa barabarani. Kaeni hapo hata saa nzima, mnywe maji, mpoze injini, maana mlima Kitonga unafuata. Kona ni kali na malori yanapanda kwa kujivuta, usilipite lori kwenye kona. Mkirudi, shukeni na gia ndogo, breki peke yake zitachemka.

Iringa kuna baridi, hasa Juni na Julai, bebeni makoti. Isimila msiikose, zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Mkibaki na muda, Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954.