Kwa nini birika la Utah halina kitako

Umeuliza kama faili lako la birika la Utah, yaani lile birika la chai lililochorwa kwa kompyuta (3D) la kujaribia programu za michoro, limeharibika maana ukiligeuza chini ni tupu. Halijaharibika, ndivyo lilivyozaliwa. Martin Newell, mtafiti wa michoro ya kompyuta, alilitengeneza mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, akifuatisha birika la chai la kampuni ya Melitta alilokuwa nalo nyumbani, na kitako hakukiweka. Kiliongezwa baadaye.

Lilienea kwa sababu alizitoa namba zake, yaani vipimo vya nukta zinazounda umbo, kwa wenzake bila choyo, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko umbo lenyewe. Enzi hizo kupata kitu cha kujaribia programu ya michoro ilikuwa kazi nzito. Hili lina nukta kama 300 tu, unaweza kuzichapa mwenyewe kutoka kwenye karatasi, lakini linaibana programu kweli: mkono una uwazi katikati, mdomo unatupa kivuli juu ya tumbo, kifuniko kina kirungu.

Ufupi wake nao ni wa kawaida. Birika la kweli la nyumbani kwa Newell ni refu zaidi. Jim Blinn, mwenzake Newell hapo Utah, alilifupisha kwenye kompyuta, na nakala hiyo ndiyo iliyosambaa.

Ukihitaji lililofungwa chini, tafuta faili lenye vipande 32 vya uso vinavyounganishwa kuwa birika. La zamani lina 28.