Muulize Mjomba: Mdomo wangu unanipunguzia marafiki

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni kijana wa Nkuhungu, nauza duka la vifaa vya ujenzi maeneo ya Majengo. Tangu shule nasifiwa kwa majibu ya papo kwa papo, mtu akinitupia neno hajafunga mdomo nishamrudishia na watu hawana mbavu. Sasa kuna mwenzetu alikuwa anachelewesha mchango wa kikoba, kila wiki anasema ijumaa, ijumaa, nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp "ahadi za huyu jamaa ni mvua ya Dodoma, wingu linatanda huku, yenyewe inanyesha Morogoro". Watu walicheka mpaka bosi akatuma stika. Shida toka siku hiyo wote wanamwita Wingu, hadi wateja, na yeye hali tena na sisi mchana. Sikuwa na nia mbaya. Hivi hiki ni kipaji au nijifunze kukaa kimya?
Mwepesi wa Maneno, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mjomba. Na mimi nimecheka, hasa hapo kwenye Morogoro, aliyewahi kulima huku akasubiri mvua ya Desemba anakuelewa vizuri sana. Ila shida yako ipo hapo hapo. Ungemwambia "we tapeli" mngenuniana siku mbili yakaisha, hakuna ambaye angelirudia hilo neno maana halina utamu wowote. Dongo lililotengenezwa vizuri watu wanalichukua wanaenda nalo, kila anayelisema anajiona na yeye mjanja kidogo, mwisho wake deni la kikoba jamaa atalimaliza ila Wingu anabaki kuwa Wingu. Tena hana pa kulalamika, akikasirika mtamwambia hana utani.

Kukaa kimya sikushauri. Abunuwasi kwenye zile hadithi tulizosimuliwa utotoni mara ngapi alimwambia sultani ukweli kwa njia ya mzaha, maneno ambayo mwingine angeyasema kavukavu asingetoka salama? Hata hapo dukani mteja akija amefura kwa ajili ya chenji, neno moja la kuchekesha linamaliza ugomvi kuliko kumuita bosi. Sasa angalia, Abunuwasi alikuwa anamtania sultani, we umemtania mtu ambaye tayari anadaiwa mbele za watu.

Utajitetea kwamba sisi Watanzania tumezoea utani. Ni kweli, Mgogo na Mhehe wanachambana hadi msibani, watani wanaweza kuigiza marehemu alivyokuwa anatembea na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka, na wengi wanasema mambo haya yalianzia kwenye vita za zamani na misafara ya biashara iliyokuwa inapita Ugogo. Lakini utani ule una ruhusa, kila mtu anajua nani mtani wake, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha, tena kwa nguvu ile ile. Huyo mwenzako ameshawahi kukurudishia hata mara moja? Kama hajawahi basi mlikuwa hamtaniani, we ulikuwa unamtania yeye.

Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema kuna mtu wa kuchekesha kwa vyovyote vile hata kama anayetaniwa anaumia, kuna mkavu asiyetania wala kutaniwa, na katikati yupo mcheshi mwenye adabu anayejua kipi kinasemeka na kwa nani. Ila yule mzee hakuwa na WhatsApp! Ana kwa ana ungeuona uso wake ukageuza maneno haraka, kwenye grupu umeona stika ya bosi tu. Na ujue pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumsumbua mtu au kumuumiza, sisemi umefika huko.

Mfuate mwenyewe, mkiwa wawili, usiandike kwenye grupu. Na usianze na "nilikuwa natania tu bwana", hiyo ni kumwambia kosa ni lake kuumia. Mwambie neno langu limekuharibia, samahani, basi. Alafu muite kwa jina lake mbele ya wateja, wengine wakisema Wingu we usicheke, maana hapo dukani we ndo unayeanzisha kicheko, ukinyamaza wewe watachoka. Na madongo yakikuwasha sana jitupie mwenyewe kwanza, hasa siku utakayochelewesha mchango.

SWALI: Mjomba shikamoo, mume wangu mcheshi sana, nikimuuliza ada ya mtoto ananitolea kichekesho, nacheka, jambo linaishia hapo. Nifanyeje?
Mama wa Kibaigwa

JIBU: Marahaba mama. We cheka, ukimaliza kucheka uliza tena swali lile lile na utaje kiasi. Akitoa kichekesho kingine cheka na hicho, uliza tena. Fomu ya shule iwe mezani muda wote huo, pembeni ya simu yake.