Mgonjwa anaitikia kila kitu, kisha anakosea nyumbani

Dada, unasema mgonjwa wako wa kisukari aliitikia maelezo yote ya insulini, kisha akarudi akiwa anajidunga palepale kila siku hadi pamefanya uvimbe. Kosa liko kwenye swali "umeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya muuguzi? Mwambie: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri, hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani." Mpe bomba la sindano, nyamaza, tazama. Akikosea, eleza upya kwa maneno mengine, naye aonyeshe tena. Usimrundikie, mambo mawili matatu kwa siku yanatosha, ukianza na dalili za sukari kushuka, maana hiyo haisubiri. Anayempikia naye awepo. Vipeperushi? Mpe, ila chunguza kwanza kama anasoma, bila kumwaibisha.