Kabla Hujamwiga Mtu: Kwa Wanaoanza Dansi ya Pete Hapa Dodoma

Wengi wanaojiunga nasi mazoezini huja na simu mkononi. Wameona mtu wa mbali anazungusha pete kubwa ya plastiki (hula hoop) shingoni, magotini, mpaka juu ya kichwa, basi wanataka niwafundishe "ile ya juzi." Swali langu la kwanza huwakera: aliyecheza ni nani? Anaitwaje, ametokea wapi, amejifunza kwa nani? Kwa kawaida hawajui. Video ilikuja, ikapita, ikaja nyingine ya paka.

Siulizi kwa ukali wa ualimu. Dansi hii haina shule yake hapa mjini, na kocha wa kukushika mkono ni wa kubahatisha. Walimu wetu wakubwa ni wachezaji tunaowatazama kwa mbali. Ukimjua aliyebuni kitu, utajua alikuwa anahangaika na tatizo gani, na mara nyingi tatizo lako ni hilohilo.

Chukua pete yenyewe. Pete za plastiki zilipata umaarufu Marekani mwaka 1958, kampuni ya Wham-O ilipoanza kuziuza, na zilikuwa mchezo wa watoto: ndogo na nyepesi. Ndizo hizohizo tunazoziona zimening'inizwa kwenye maduka ya vitu vya watoto, zina rangi nzuri na hazimalizi mwezi. Mtu mzima akijaribu ile anaamini kiuno chake ni kigumu. Kiuno hakina kosa. Pete ndogo nyepesi hukimbia mno, mwili mkubwa haupati nafasi ya kuiwahi. Miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Anah Reichenbach, anayejulikana jukwaani kama Hoopalicious, alikuwa miongoni mwa waliozigeuza pete kubwa na nzito kuwa chombo cha dansi ya watu wazima. Leo watu wa nchi nyingi wanatengeneza pete zao kwa bomba la maji, nasi tumo.

Kwa hiyo nenda hadiwea, omba bomba jeusi la plastiki la inchi robo tatu, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa. Usikubali kuuziwa lile gumu jeupe la kunyooka, halikunjiki. Mtu mzima anayeanza anahitaji mita tatu na robo hivi. Ukiunganisha, unapata pete yenye upana wa mita moja na ushee. Isimamishe mbele yako: ikifika kati ya kitovu na kifua, inakufaa. Mtoto mkatie mita mbili na nusu au pungufu. Chovya ncha kwenye maji ya moto zilainike, ingiza soketi ya ndani ya kuziunganisha, acha ipoe, kisha zungushia tepu pale kwenye kiungo na baadaye pete nzima, kwa sababu bomba tupu linateleza. Na nguo nazo zina siasa zake. Jezi ya mpira wa miguu inateleza kama sabuni. Fulana ya pamba inashika. Ukiona dada fulani kwenye video kavaa kaptura na tumbo wazi, usidhani ni maringo tu. Ngozi inaishika pete kuliko kitambaa chochote. Sisi tunavaa pamba inayobana, inatosha, na wazazi hawana la kusema.

Jua la Dodoma usilichezee. Ukiiegemeza pete ukutani mchana, bomba linalainika na jioni unakuta yai. Ilaze chini, kivulini, kwenye sakafu iliyonyooka.

Sasa simama. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea kidogo. Pete iguse mgongo, ilale sawa na ardhi. Itupe kwa nguvu upande unaouweza, halafu usizungushe kiuno. Hapo ndipo kila mgeni anapokwama, maana macho yanaona duara na mwili unataka kuchora duara. Wewe sukuma mbele, rudi nyuma, basi. Pete inapopita tumboni, tumbo linaisukuma. Inapopita mgongoni, mgongo unaisukuma. Ikianza kushuka, kunja magoti, ongeza kasi, na ugeuze mwili mzima kuufuata upande inakokwenda. Utakuwa umejipatia muda wa kuinyanyua. Nyonga zitauma na pengine zitavilia damu kidogo mwanzoni. Punguza muda, usiache.

Kisha fanya yote hayo upande wa pili. Najua hamtafanya, ila nimesema.

Hapo ndipo nataka uanze kutazama watu. Mtu mmoja kwa muda mrefu, si watu kumi kwa jioni moja. Pakua video usiku kwa bando la bei nafuu, punguza mwendo wake, zima sauti mara ya kwanza. Kumbuka anayekutazama usoni mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Wengi hujifunza kinyumenyume bila kujua.

Wasichana wetu huwa naanza kuwaonyesha Marawa Ibrahim. Mama yake ni wa Australia, baba yake Msomali, na hilo peke yake huwafanya wakae vizuri kwenye benchi. Novemba 2015, Los Angeles, alizungusha pete 200 kwa pamoja na kuingia kwenye rekodi za Guinness. Kila mtu anataka kuizungumzia hiyo 200. Mimi napenda wamtazame akiwa na pete moja au tatu, hasa akiwa juu ya viatu vya magurudumu vyenye visigino virefu. Tazama uso. Hatazami pete hata kidogo, anawatazama watu, anacheka nao. Mgeni wetu huku anaikodolea macho pete utadhani itamkimbia. Ukijifunza kwa Marawa kuinua kidevu tu, umefanya kazi ya msimu mzima.

Halafu kuna dansi nyingine ya pete, ya zamani kuliko plastiki, ambayo vijana wengi wanaichanganya na hii yetu. Ni ya mataifa asilia ya Amerika Kaskazini. Humo pete haizungushwi kiunoni kwa dakika nzima. Mchezaji anaanza na moja, anaokota nyingine, nyingine tena, anazipitisha mabegani, miguuni, mgongoni, anaziunganisha mpaka zinakuwa tai, kipepeo, au tufe kama dunia, na miguu haijaacha kufuata ngoma hata mara moja. Anayetajwa sana kama mwanzilishi wa mtindo wa leo wa pete nyingi ni Tony White Cloud wa Jemez Pueblo, aliyeutambulisha kwa watu wengi miaka ya 1930.

Mashindano ya dunia ya dansi hiyo, yaliyoanza 1991, hufanyika katika Makumbusho ya Heard, Phoenix, Arizona. Waamuzi wanaangalia mambo matano: usahihi, kwenda na mdundo, mvuto wa jukwaani, ubunifu na kasi. Mchezaji anaweza kuingia na pete 4 au 50, ni juu yake. Nimeyaandika hayo matano kwa chaki ukutani tunapofanyia mazoezi, kwa mpangilio wangu mwenyewe: mdundo wa kwanza, kasi ya mwisho. Vijana hawaupendi. Wao wangeanza na kasi.

Katika wachezaji wa dansi hiyo, watatu niwataje kwa kirefu kidogo. Lisa Odjig, Mwanishinaabe wa Kanada, alichukua ubingwa wa watu wazima mwaka 2000 na tena 2003, katika dansi ambayo wengi waliihesabu kuwa ya wanaume. Kwake tazama mapito: namna umbo moja linavyofunguka na kuwa jingine bila yeye kusimama kufikiri. Sisi huku tuna tabia ya kufanya mtindo, kutulia, kusubiri makofi, kisha mtindo mwingine. Yule hana koma.

Nakotah LaRance alianza akiwa mtoto, akashinda kwenye ngazi za watoto na vijana, kisha akawa bingwa wa watu wazima 2015, 2016 na 2018. Alicheza pia na kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil katika onyesho la Totem, lakini akarudi New Mexico kufundisha watoto. Alifariki 2020 akiwa na miaka 30. Nikimtazama huwa naangalia miguu: anaokota pete kwa mguu, ananyanyua, inapanda mwilini, wala hakuinama. Jaribuni hilo kwenye vumbi letu la Dodoma ndipo mtajua uzito wake. Nasi tumelichukua kwa mazoezi tu, kufundisha mizani ya mguu mmoja, na tunasema wazi limetoka kwake.

Wa tatu ni Kevin Locke, Mlakota, mpiga filimbi na mchezaji wa pete 28, aliyefariki 2022. Kwa ufundi mtupu wapo waliompita. Nampenda kwa alivyomaliza maonyesho: alikuwa akiwagawia watoto pete na kucheza nao. Mtu aliyekuja kutazama anaondoka amecheza.

Hapa nina neno gumu kidogo. Kuna mwenye shughuli mmoja aliyetaka tuvae manyoya kichwani na kupaka rangi usoni "ili ifanane na ile ya Wamarekani." Tulikataa, na hela tukaikosa. Ile dansi ina wenyewe, na mavazi yake yana maana kwao. Mgogo yeyote anaelewa: hebu fikiria kundi la watu lije na njuga na ngoma za muheme lifanye kichekesho harusini, bila kujua zinapigwa lini na zinapigwa na nani. Kujifunza mizani, mapito na nidhamu ya mdundo, ndiyo. Kujivika utaifa wa mtu, hapana.

Na kwa kuwa nimeitaja muheme, niseme jambo ambalo wageni kutoka Dar huwa hawalitegemei. Mwalimu wako bora wa mdundo hayumo kwenye simu. Ni kina mama wanaobana ngoma kati ya mapaja, mikono ikitwanga huku wakiimba. Zungusha pete taratibu ukisikiliza ngoma hizo, utaona kiuno kinachagua: kinaweza kwenda na pigo zito au kikafuata vidole vya yule anayejazia. Jifunze kuhama kutoka moja kwenda jingine bila pete kushuka. Ukipata nafasi, nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, ukae karibu na wapigaji na si karibu na spika. Amkia kwanza, omba ruhusa ya kurekodi, uliza bibi anaitwa nani na kikundi chake kinatoka kijiji gani. Andika. Hukwe Zawose, aliyetoka Doduma hapa mkoani na kufariki 2003, alipeleka ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze katika majukwaa makubwa ya dunia, na bado unakutana na kijana wa Dodoma anayemjua Marawa na hamjui Zawose. Sikatazi kumjua Marawa.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha sarakasi pamoja na ngoma na maigizo, na huko utapata watu wa kukurekebisha mgongo kabla haujaharibika. Na mkisema Mtanzania hafiki, watazameni Ramadhani Brothers, walioshinda shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, America's Got Talent: Fantasy League, mwaka 2024. Hawachezi pete. Wanasimamishana kichwa juu ya kichwa, na wamelichimba jambo hilo moja mpaka chini.

Mambo madogo ya mwisho, ya shughuli. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa hapa haufai. Fanya mazoezi alfajiri, kabla haujaamka, na usikubali onyesho la wazi saa kumi jioni ukiwa na pete nyepesi. Kagua ardhi, maana miiba ya migunga hupenya kandambili. Ukialikwa kwenye send-off, fika mapema upime kwa mikono yako umbali wa nguzo za turubai na urefu wa taa, uchukue nusu ya malipo kabla ya kuanza, na umpe MC karatasi yenye jina la kikundi na majina ya wale mliojifunza kwao. Atayatamka vibaya. Mwandikie kwa herufi kubwa, umsomee mara mbili.