Je, kuandika «maoni ni yangu binafsi» kunatosha?
Umeuliza kama kuandika «maoni ni yangu binafsi» kwenye wasifu wa akaunti yako ya mitandao ya kijamii, ukiwa ofisa wa umma, kunatosha. Kunasaidia, ila hakutoshi. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya meneja wa mji aliyemzuia mkazi mmoja kwenye ukurasa wake wa Facebook, ilieleza kwamba tamko la namna hiyo lina uzito, lakini anayechanganya picha za familia na matangazo ya ofisi hujiweka katika hatari ya kushtakiwa, kwa kuwa kumzuia mtu humfungia ukurasa mzima, pamoja na matangazo hayo ya ofisi. Afadhali cheo kiwe na akaunti yake, iliyosajiliwa kwa baruapepe ya ofisi, ili ukiondoka anayekurithi aipokee pamoja na wafuasi, kama @POTUS, akaunti ya Twitter (sasa X) ya rais wa Marekani, ilivyokabidhiwa Januari 2017. Nywila, bila shaka, ibadilishwe siku hiyohiyo.