Maswali ya Wasomaji: Roboti Darasani

SWALI: Mhariri, nafundisha watoto wanaoanza shule. Uongozi wetu unakusudia kununua roboti yenye umbo la binadamu ili iwasaidie wanafunzi kujifunza lugha ya pili, ilhali baadhi ya walimu wenzangu wanadai kwamba vishikwambi vinatosha. Ni upande upi wenye hoja?

JIBU: Mwalimu, kwa lengo hilo mlilojiwekea, wenzako wa vishikwambi wana hoja nzito. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uholanzi, ambapo watoto 194 wa umri wa miaka 5 na 6 walifundishwa maneno ya Kiingereza. Waliosoma kwa kishikwambi wakiwa na roboti aina ya Nao walijifunza, lakini hawakuwapita waliotumia kishikwambi peke yake, na hata ishara za mikono za roboti hiyo hazikuongeza lolote. Sababu mojawapo ya udhaifu huu ni kwamba mitambo ya kutambua sauti hukwama mbele ya matamshi ya watoto wadogo, kwa hiyo mara nyingi roboti hungoja mtoto aguse picha kwenye kioo ndipo ijue la kusema. Ukiitazama kwa makini, anayesikiliza hapo ni kishikwambi.

Kuna pia suala la mazoea. Katika shule moja ya msingi nchini Japani, watoto waliizonga roboti iitwayo Robovie katika wiki ya kwanza, na kufikia ya pili wengi walikuwa wameshaichoka.

Hata hivyo, nisingeshauri mlifute wazo lote. Roboti hufaa zaidi, kwa maoni yangu, inapowekwa kwenye nafasi ya mwanafunzi dhaifu. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliipanga Nao iandike herufi vibaya kwa makusudi. Mtoto mwenye mwandiko mbovu huiandikia herufi sahihi, nayo huiga na kuboreka hatua kwa hatua, huku mtoto aliyezoea kusahihishwa akirudia herufi ileile bila kunung'unika kwa sababu sasa yeye ndiye mwalimu.

Basi uombeni uongozi muiazime roboti kwa muhula mzima kabla ya kuinunua, muijaribu kwa kazi ya namna hiyo, na muuzaji aeleze kwa maandishi picha na sauti za watoto zitahifadhiwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzifungua.